Kabla Kaka Yangu Hajauza Ploti ya Joska

Mhariri,

Hii barua ya kuuliza kama digrii ya media inalipa nimeiandika mara mbili nikafuta, hii ya tatu naituma venye iko. Mkiona ni ndefu kateni popote, lakini tafadhali msikate pahali pa hesabu.

Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao cha familia kwa kaka yangu huko Kayole. Binti yake wa kwanza alipata B- kwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, na kwa meza kulikuwa na barua mbili zimefinywa chini ya bakuli la sukari zisipeperushwe na feni. Moja ni ya chuo cha serikali huko mashambani, KUCCPS, wale wa kugawa nafasi za vyuo, walimpeleka kusomea sosholojia. Ya pili ni ya chuo cha kibinafsi hapa Nairobi, digrii ya media na mawasiliano, miaka minne, karo 98,000 kwa semista. Ile ya kwanza ilikuwa bado mpya kabisa. Hii ya pili imeshikwashikwa mpaka kona zimekunjika.

Kaka yangu ni fundi wa milango na madirisha ya chuma, ako na karakana karibu na steji, na kwa miaka yote amechomelea vyuma kitu ameweza kuweka kando ni kaploti ka futi hamsini kwa mia huko Joska, Barabara ya Kangundo. Hako ndiko kalikuwa kanauzwa. Mnunuzi alikuwa ashapatikana, imebaki tu watu wa nyumbani wakubali, na mimi nikaitwa juu kwa familia yetu mimi ndio niko na digrii kama hiyo. Alinifungulia soda mwenyewe, akaniambia, "Dadangu, wewe ndiye ulisomea hii kitu, hebu ambia hawa watu inalipa." Hakuniuliza kama inalipa, aliniambia niwaambie inalipa.

Lazima nieleze hapo kidogo. Kwa kaka yangu mtu wa media ni Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji wa redio, Mungu amlaze pema. Yeye alikua kwa nyumba yenye redio moja, na kwa hiyo redio stesheni moja, na mpaka leo akitaka kusifu mtu anajua kuongea anasema huyo ni Mbotela. Kwa binti yake mtu wa media ni msichana yeyote aliye na simu na ile taa ya duara. Mimi niko katikati yao. Mimi ni wa wale tuliingia chuo 2009, wakati TV na redio za kibinafsi zilikuwa zimechanua, KTN ilikuwa imefungua njia 1990, Capital FM ikafuata 1996, halafu zikaja za lugha za mama moja baada ya nyingine, na kila mzazi alikuwa anasikia stesheni mpya kwa matatu anaona kazi ya mtoto wake hapo. Nilisoma masomo ya jioni, ile tulikuwa tunaita paraleli, baba akauza ng'ombe na miti, tukafika.

Sasa hesabu. Niliitisha karatasi na biro mbele ya kila mtu.

98,000 mara semista 8 ni 784,000. Hapo ndipo watu wengi huweka kalamu chini na ndio makosa yanaanzia. Mimi nikaendelea. Laptopu ya mtumba yenye inaweza kuediti video bila kujizima kila dakika kumi, nikaweka 45,000. Sasa amemaliza, amevaa joho, tumepiga picha na maua, anaanza kutafuta kazi. Na kwa hii kazi, Mhariri, wewe unajua na mimi najua, mtu haanzi na mshahara, anaanza na "kuja tu uone venye tunafanya", anaanza intaani, halafu anakuwa stringa, analipwa kwa stori yenye imetumika, ikikosa kutumika ni shauri yake. Nikaandika nauli ya Kayole mpaka tao 80 kwenda na 80 kurudi, na sijaweka siku ya mvua yenye makanga wanaitisha mara mbili. Chakula cha kibanda 100. Siku 22 kwa mwezi, hiyo ni 5,720. Bando la 1,000, inakuwa 6,720. Mara miezi 24, inafika 161,280. Na hapo nimeshika kwamba analala kwa babake na anakula jioni kwa babake, hakuna kodi ya nyumba nimeandika hapo.

Jumla ni 990,280. Milioni moja, kasoro pesa ya kununulia simu ya kawaida.

Halafu nikageuza karatasi. Tuseme Mungu amemsaidia, mwaka wa tatu baada ya chuo amepata kazi ya 30,000 mkononi. Tuseme ako na roho ngumu ya kuweka 8,000 kila mwezi, hajaugua, hajachangia harusi, hajaitwa matanga. Miezi 124. Miaka kumi na ushee ndio arudishe ile pesa bila hata riba. Wifi yangu alikuwa anapanga vikombe akaacha akakaa.

Kaka akasema hizo ni hesabu za kutisha mtoto. Bahati nzuri nilikuwa nimebeba daftari yangu.

Nilianza Januari 2014, mwezi mmoja baada ya kuhitimu, kwa stesheni moja ndogo ya redio, orofa ya nne, lifti haifanyi. Malipo ilikuwa 500 kwa stori yenye imeingia hewani. Sijui ni nani alinifunza lakini kila jioni nilikuwa naandika, daftari ile ya kaunta, na wino umeanza kufifia lakini unasomeka. Machi 2014 nimeandika hivi: stori 11, zimeingia hewani 7, nauli 2,900, malipo 3,500 (iliingia Juni). Kwa hivyo nilifanya kazi mwezi mzima, nikasimama Milimani kortini kutoka saa mbili asubuhi nikingojea kesi itajwe, nikapanda kwa boda kufuata moto wa vibanda, nikabaki na 600, na hiyo 600 nikaingoja miezi mitatu. Chini kwa ukurasa nimeandika na kalamu nyekundu "chai ya mama mdogo" na sijaweka bei.

Huyo mama mdogo ndio siri yote. Nilikuwa nakaa kwake Umoja, alikuwa anachoma mandazi saa kumi usiku anauzia watu wa steji, na kwa miaka miwili hakuniitisha hata shilingi ya stima. Wifi aliponiambia "lakini wewe ulisoma na leo uko kazi", nilimwambia ukweli ambao sikuwa nimewahi kuusema mbele ya watu: baba alilipa digrii, lakini mama mdogo ndiye alinilipia kazi. Wenzangu darasani wenye hawakuwa na mtu kama huyo Nairobi walirudi nyumbani kabla mwaka haujaisha, na si eti mimi nilikuwa nawashinda, kuna mmoja alikuwa anaandika taarifa kuniliko mara tatu, alikuwa anatoka Kitui, alikosa tu pahali pa kulala.

Na kwa sababu naandikia gazeti wacha niseme na ile ingine. Bahasha. Ukiwa huna mshahara halafu uende presa, mkutano wa waandishi, kwa hoteli, mheshimiwa anamaliza kuongea, kijana wake anapitia kwa mlango anagawa "nauli", nilichukua. Si mara moja. Mnaweza kunihukumu, lakini mtu amelipwa 3,500 ya Machi mwezi wa Juni, huyo maadili yake anayala na nini? Watu huandika sana juu ya bahasha kama ni tabia mbaya ya vijana na hawaandiki ni nani aliacha huo mlango wazi.

Sasa mtu asidhani nasema digrii haina maana. Wacha nitoe mfano ndio muone sichezi pande moja.

2015 nilikuwa nishapewa kandarasi, 18,000, zamu ya asubuhi, naandika taarifa za saa moja. Kukaja habari ya mweka hazina wa chama kimoja huko Dandora, amepelekwa stesheni ya polisi juu ya pesa ya akina mama. Mimi nikaandika "mwanamume mmoja anayeshukiwa" na sikuweka jina, juu hakuwa amefikishwa kortini. Mtangazaji, jamaa wa sauti tamu, anapendwa na kila mtu, akasoma yangu halafu akaongeza yake, "huyo ni mwizi tu jamani", akataja na jina kamili na pahali anaishi, alikuwa ametumiwa na msikilizaji. Baada ya wiki mbili yule mtu aliachiliwa bila kushtakiwa, na barua ya wakili wake ikafika. Niliitwa kwa ofisi ya meneja magoti yakigongana. Wakachapisha skripti yangu, wakaisoma mstari kwa mstari, wakasikiza rekodi, skripti yangu ikapatikana safi. Mtangazaji aliondoka mwezi huo. Na yule mtu wakamalizana naye nje ya korti, pesa ngapi sikuambiwa.

Hicho kitu kilichoniokoa kilitoka darasani. Yuniti ya sheria ya habari, Jumatano saa mbili usiku, lekcha alikuwa wakili anakuja akiwa amechoka hata tai hajatoa, na alikuwa anarudia kila wiki: kushukiwa si kushtakiwa, kushtakiwa si kupatikana na hatia. Tulikuwa tunamcheka tunasema huyu amekwama kama kanda. Mpaka leo nikiandika neno mshukiwa namuona amesimama hapo na tai yake.

Lakini hiyo ni yuniti moja. Nikihesabu zile zingine zilizonishika mkono kazini, ile ya kuripoti, ile ya maadili, ile ya kuhariri sauti, nafika nne, na zote kwa jumla nilisoma zaidi ya arobaini. Kuna moja tulifundishwa chumba cha giza, jinsi ya kuosha filamu, dawa gani inatangulia, na hiyo ilikuwa 2010, hakuna mtu darasani alikuwa na kamera ya filamu, hata chuo chenyewe hakikuwa na hizo dawa, tulichora tu kwa ubao. Nikalipia. Nikafanya mtihani. Nikapata A.

Watu huniuliza darasa lenu mko wapi siku hizi. Wale wangali newsroom nikiwahesabu vidole vya mkono mmoja vinatosha na kidole kinabaki. Kaunti zilipoanza 2013 wengi walijisitiri huko, magavana 47 na kila mmoja anataka wa kumpiga picha na kumwandikia hotuba, na hiyo ilisaidia kizazi chetu kuliko TV yoyote, ingawa ikifika uchaguzi kila mtu anafunga virago na bosi wake. Wengine waliingia mashirika, na hapo ndipo pesa nzuri ilikuwa, mmoja wetu alikuwa ofisa wa mawasiliano kwa mradi wa afya wa pesa ya Marekani, alikuwa anatuchangia wote kukiwa na shida, halafu Januari 2025 Trump akasimamisha ile misaada na baadaye USAID yenyewe ikafungwa, saa hii ako nyumbani anauza sabuni za maji. Wawili wako Qatar. Mmoja ako Gikomba na mitumba ya watoto na ukweli usemwe ndiye amejenga. Mimi niko kwa sacco tangu 2017, naandika jarida la wanachama, napiga picha mkutano mkuu, najibu watu Facebook wakiuliza gawio. Ni kazi nzuri. Sio ile baba aliniuzia ng'ombe.

Na hata hii ya sacco imeanza kutingika. Bosi wangu siku hizi taarifa kwa vyombo vya habari anaandikiwa na ChatGPT usiku, ananitumia asubuhi ati "angalia tu kidogo". Juzi nilipata hisa za msingi za wanachama, kwa Kiingereza share capital, zimeitwa "mji mkuu wa hisa". Nilicheka peke yangu kwa ofisi mpaka machozi, lakini njiani nikirudi nyumbani sikuwa nacheka, juu nilijua mwaka ujao hiyo makosa haitakuwa hapo, na mtu wa kuangalia tu kidogo halipwi sana.

Wenye newsroom pia hali mnaijua kuniliko. Matangazo yamehamia kwa simu, Google na Facebook wamekula upande wao, madeni ya matangazo ya serikali yamekuwa habari kila mwaka, na mwaka wa 2024 kampuni moja kubwa ya habari hapa Nairobi ilitangaza inapunguza wafanyakazi zaidi ya 300. Hao hawakukosa digrii. Hao wako na digrii na miaka kumi na tano ya kazi juu yake, na sasa wako kwa ile foleni moja na binti wa kaka yangu.

Mtu mmoja kwa kikao, shemeji ya wifi yangu, akasema basi achukue mkopo wa HELB, ule wa serikali wa wanafunzi, kaka aache ploti. Nikamwambia mkopo ni sawa, watu wamesoma nao tangu 1995, na riba ya asilimia 4 benki yoyote ya tao haitakupa. Lakini HELB haiulizi kama uko intaani. Mwaka mmoja baada ya kumaliza unaanza kulipa, ukikosa kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Sasa chukua ile daftari yangu ya Machi, malipo 3,500, uweke faini ya 5,000 juu yake uone. Mkopo wa digrii ya uhasibu na mkopo wa digrii ya media ni mkopo mmoja kwa karatasi, ni vile tu mwenye uhasibu anaanza kulipwa mapema kidogo.

Kitu ilinishangaza ni kwamba wakati wote huo mtoto mwenyewe hakuwa amesema kitu. Alikuwa ameketi kwa mkono wa kochi anasugua simu. Nikamwambia leta tuone unafanya nini huko. Akaniletea video ya dakika moja ya duka la dawa za kienyeji hapo kwao, ameifanya kwa simu, na Mhariri nilikaa kimya. Ilikuwa nzuri. Amepiga mkono wa mwenye duka ukichota unga kwa kijiko, sauti ya kijiko ikigonga chupa imeingia vizuri, maandishi chini hayafuniki uso, amekata pale tu mtu anataka kuchoka. Alilipwa 800, anangoja 700 ingine. Mimi kitu kama hicho nilifundishwa mwaka wa tatu na hadi leo siwezi kukata hivyo. Kwa hiyo karo ya 784,000 inaenda kumfunza nini mtu kama huyu upande wa mikono? Hakuna. Labda wataanza kumwonyesha vitu alishaacha.

Halafu nikairudia nikisoma maandishi. "Inamaliza kisukari kwa siku 14."

Nikamuuliza, mama, hii uliitoa wapi? Akasema, "Shangazi, si mwenye duka alisema." Ulihakikisha? Akaniangalia kama nimeuliza swali la Kichina. Kwa hiyo nyumba, upande ule wa pili wa chumba, amelala nyanyake mzaa mama mwenye anadungwa insulini asubuhi na jioni. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu, nyanya akiona hii video aache sindano siku 14 itakuwaje. Simu ikarudi mfukoni.

Basi hapo ndio nikaona kile mtoto anakosa, na si digrii nzima. Anakosa yule wakili wangu wa Jumatano usiku. Anakosa mtu wa kumrudishia kazi na wino mwekundu aulize nani alisema, na mwingine anasema aje, na ukikosea nani ataumia. Hiyo inafundishwa kwa digrii ndio, lakini inafundishwa pia kwa diploma, KIMC, chuo cha serikali cha utangazaji, wako hapo wanafundisha watu tangu 1961 na mtu huingia diploma na C-, sembuse B-. Na akitaka digrii baadaye kuna vyuo vinachukua mwenye diploma vinampunguzia muda.

Lakini mimi nilisema sosholojia. Walishtuka wote, hata yeye. Nilisema aende kule mashambani, ni chuo cha serikali, kuna skolashipu na mkopo na familia inalipa tu kipande chake cha karo, asome watu wanaishi aje, wanahama kwa nini, mtu anahesabu vipi kaya elfu moja bila kudanganywa, halafu jioni aende kwa redio ya chuo kama wako nayo na kama hawana aanzishe kitu kwa simu. Kushika kamera anajua. Kitu hana bado ni cha kusema mbele ya hiyo kamera. Nikawapa mfano wa Hilary Ng'weno, alienda Harvard akasoma fizikia, akarudi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation miaka ya sitini, na 1975 akaanzisha Weekly Review lenye kila mwanasiasa alikuwa analisoma akitetemeka. Kaka akaniambia hizo zilikuwa enzi zingine. Ni kweli, zilikuwa zingine, hapo sikuwa na jibu. Alikuwa Harvard pia, hiyo sikuisema.

Na kuna watu digrii yenyewe inawafaa, nisidanganye. Mtu anataka kuajiriwa na serikali au shirika kubwa, tangazo la kazi linaandika shahada ya mawasiliano, huna, sivii yako haifunguliwi hata kama unaandika kama malaika. Mtu ako na mzazi wa kumlipia na kumlaza miaka miwili baadaye, aende, atafurahia. Mtu amekuwa kazini tayari anataka karatasi apande cheo, hiyo pia ni pesa imeenda mahali inajulikana. Wa TikTok na YouTube nao wajue kuna kodi ya asilimia 5 inakatwa tangu sheria ya fedha ya 2023, hiyo pia ni hesabu, lakini hapo sina mengi.

Sasa ninyi. Hii barua nimewaandikia ninyi na si chuo, juu chuo kinauza kile kinauza. Kila msimu wa matokeo magazeti hujaa kurasa za matangazo ya vyuo, kijana kwa picha ameshika kamera kubwa anacheka, na kando yake makala ya "kozi zenye soko". Mimi naomba kitu kimoja hapo. Mkichukua tangazo la digrii ya media, muulize hicho chuo swali moja tu la kiripota: wale waliomaliza miaka miwili iliyopita, wangapi wanalipwa kwa kazi waliyosomea, na wanalipwa ngapi. Mchapishe jibu. Wakikataa kujibu mchapishe walikataa. Mnauliza mawaziri maswali magumu kuliko hilo.

Na lingine, msinikasirikie. Stringa wenu wa Kayole, yule anawaletea picha ya mafuriko akiwa ametoa viatu, anapata ngapi kwa stori na inaingia Mpesa yake baada ya siku ngapi? Nauliza kwa sababu kama magazeti na redio zingelipa hata nauli na chakula cha intaani, ile 5,720 kwa mwezi, mama mdogo wangu hangehitajika kuamka saa kumi usiku ndio nchi ipate taarifa ya saa moja. Najua mtasema pesa hakuna. Kaka yangu pia hana, na yeye ndiye anaambiwa auze ploti.

Kikao kiliisha bila uamuzi. Kaka hajanipigia tangu siku hiyo, ila wifi alinitumia ujumbe kwamba mnunuzi wa Joska ameambiwa angoje mwisho wa mwezi, na barua ya sosholojia sasa pia imekunjika kona moja. Jana usiku binti naye akaniandikia. Ameitoa ile video ya kisukari, na mwenye duka amekataa kumlipa ile 700.

Shangazi wa Kayole,
Umoja, Nairobi